Kisigino, Mashine ya Mapigo na Pesa Yako

Wagonjwa wengi wanaotoka kupigwa ile mashine ya mapigo kisiginoni huondoka na imani moja: mwiba umevunjwa. Haukuvunjwa. Mwiba, yaani kile kinundu cha mfupa kinachoonekana kwenye picha ya eksirei chini ya kisigino, uko palepale ulipokuwa kabla ya tiba, na huenda ukabaki hapo maisha yote. Tena wapo watu chungu nzima wenye mwiba huo ambao hawajaumwa kisigino hata siku moja, na wapo wanaochechemea kila kukicha ilhali picha yao haionyeshi mwiba wowote.

Kama haivunji mwiba, basi mashine hii inafanya nini? Na kwa nini mmoja anaisifia mtaa mzima, mwingine analalamika kwamba ametupa pesa yake bure? Maswali haya yana majibu, na yanamhusu kila anayefikiria kufungua pochi. Tuanze na mguu wenyewe.

Kinachouma ni nini?

Chini ya unyayo kuna utando mnene na mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kusambaa hadi kwenye mashina ya vidole. Ndio unaoshikilia tao la mguu lisibonyee. Kila hatua unayopiga inauvuta. Kwa anayesimama kutwa kwenye sakafu ya saruji, awe mwalimu, muuguzi, mlinzi wa getini au mama lishe, na kwa anayekimbia sana au aliyeongezeka uzito, sehemu ule utando unaposhikana na mfupa huchoka na kuanza kuchakaa.

Dalili yake haijifichi. Mtu anaamka, anashusha miguu kitandani, anakanyaga chini, kisha anashika ukuta. Hatua za kwanza zinachoma hasa. Akitembeatembea maumivu yanapungua, naye anadhani yamekwisha. Akikaa kwenye kiti saa nzima na kuinuka, yamerudi.

Kwa miaka mingi madaktari waliliita tatizo hili uvimbe, wakalitibu kwa vidonge na sindano za kuondoa uvimbe. Mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya kuchunguza kwa hadubini vipande vya utando kutoka kwa wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji. Hawakuona uvimbe walioutarajia. Waliona nyuzi zilizochakaa na kuvurugika mpangilio. Kwa kisigino kilichouma muda mrefu, basi, kinachoonekana zaidi ni kazi ya ukarabati iliyokwama. Hapo ndipo wazo la kuugonga utando huo linapoanza kuingia akilini: labda mwili unahitaji kukumbushwa kwamba kuna kazi haijaisha.

Kutoka kwenye mvua hadi kwenye figo

Walioanzisha wazo la kuupiga mwili kwa mawimbi ya shinikizo hawakuwa na habari na kisigino. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa Dornier, kampuni ya ndege ya Ujerumani, walikuwa wakichunguza namna matone ya mvua yanavyoharibu ndege inayokwenda kasi kuliko sauti. Kwa kasi hiyo tone la maji likigonga bati linaacha kishimo, na pigo lake linasafiri ndani ya chuma na kuleta madhara mbali na pale lilipogonga. Wahandisi wakajiuliza: pigo la namna hii likipitishwa mwilini, litafanya nini?

Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na wimbi la shinikizo hupita kwenye nyama laini bila kuidhuru sana. Likikutana na kitu kigumu, kama jiwe, linaachia nguvu yake hapo. Madaktari wa Munich wakashirikiana na wahandisi hao, na tarehe 7 Februari 1980 Christian Chaussy na wenzake wakamtibu mgonjwa wa kwanza wa mawe ya figo bila kumpasua. Mgonjwa aliwekwa kwenye beseni kubwa la maji. Chini yake cheche ya umeme ikalipuka ndani ya maji, na bakuli la chuma likayaelekeza mawimbi yake yote kwenye jiwe. Jiwe likavunjika na vipande vyake vikatoka kwa njia ya mkojo. Desemba 1984 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha mashine ya aina hiyo, na upasuaji wa mawe ya figo ukapungua sana duniani.

Likabaki swali la usalama: mawimbi yanayopita karibu na nyonga kulifuata jiwe lililo chini, je, hayaumizi mfupa? Majaribio ya wanyama yakaleta jambo lisilotarajiwa. Badala ya kuumia, mfupa uliopigwa ulionyesha dalili za kujijenga. Mwaka 1991 madaktari wa Bulgaria, Valchanou na Michailov, wakatoa taarifa ya kutumia mawimbi hayo kwa wagonjwa waliovunjika mifupa ikagoma kuunga. Kuanzia hapo chombo cha kuvunjia kikaanza kuonekana kama chombo cha kuamshia, na kutoka kwenye mifupa watafiti wakahamia kwenye kano, utando na misuli.

Ndani ya mashine

Mashine za figo zilikuwa kubwa na ghali mno kwa chumba cha fizio, yaani tiba ya viungo. Njia fupi ilipatikana Uswisi. Kampuni ya EMS ya mji wa Nyon tayari ilikuwa na kifaa cha kuvunjia mawe ambacho daktari alikipitisha hadi kwenye jiwe lenyewe, kikaligonga kwa nguvu ya hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wazo hilohilo likageuzwa likawa kifaa cha kugonga juu ya ngozi, kwa jina la Swiss DolorClast. Leo makampuni mengi yanatengeneza mashine za aina hii.

Ukikifungua kishikio chake, ufundi wenyewe ni mwepisi kuliko bei yake. Kuna kompresa inayosukuma hewa kwa shinikizo la kati ya bari 1 na 5. Hewa inaingia kwenye mtutu mfupi na kuirusha risasi ndogo ya chuma. Risasi haitoki nje. Inakigonga kichwa cha chuma kilicho mwisho wa mtutu, kisha inarudi nyuma kusubiri pumzi nyingine ya hewa. Kichwa hicho ndicho kinachoegemezwa kwenye ngozi iliyopakwa jeli, na ndicho kinachopitisha pigo mwilini. Zipo pia mashine zinazorusha risasi kwa sumaku ya umeme badala ya hewa. Risasi na vipira vyake huchakaa kwa kugonga, kwa hiyo mashine isiyofanyiwa matengenezo hupiga kelele ileile huku pigo lake likizidi kudhoofika.

Fizikia inadai tusahihishe jambo moja hapa. Wimbi la mshtuko halisi, lile la mashine za figo, shinikizo lake hupanda ndani ya muda unaohesabiwa kwa sehemu za bilioni za sekunde, na nguvu zake hukusanywa kwenye shabaha iliyo ndani ya mwili. Wimbi la mashine ya risasi hupanda taratibu zaidi, kwa sehemu za milioni za sekunde, lina shinikizo dogo, na halikusanywi popote. Linaanzia kwenye ngozi na kusambaa, kama mwanga wa koroboi: aliye karibu anasoma kitabu, aliye kona ya chumba anaona vivuli tu. Ndiyo maana linafaa kwa vitu vilivyo karibu na ngozi, sentimita tatu au nne hivi kwenda chini, kama utando wa kisigino na kano ya nyuma ya kisigino. Anayekuambia kwamba mashine hii inafika ndani kabisa ya kiungo cha nyonga, mwulize anaipitishia wapi.

Tiba yenyewe ni fupi. Mgonjwa analala kifudifudi, mguu umening'inia nje ya kitanda. Mtaalamu anabonyeza kisigino kwa dole gumba akitafuta mahali panapouma hasa. Akipapata, anapaka jeli na kuegemeza kichwa cha mashine hapohapo. Mapigo yanaanza, ta-ta-ta-ta, kwa nguvu ndogo kwanza. Kwa kasi ya mapigo 8 kwa sekunde, mapigo 2,000 huisha kwa dakika nne na ushei. Dakika ya kwanza inauma hadi mtu anakunja vidole. Mara nyingi baadaye maumivu yanafifia na nguvu inaongezwa kidogo. Kwa kawaida ganzi haichomwi. Mgonjwa anahitajika aseme "hapo" au "sogeza", na utafiti umeonyesha kwamba ganzi ya sindano inapunguza mafanikio ya tiba. Kawaida ni kurudi mara tatu hivi, kila baada ya wiki moja au mbili.

Mwili unaamshwaje?

Hapa wanasayansi hawajafunga mjadala, lakini maelezo makuu ni matatu. La kwanza ni la mishipa ya damu: katika majaribio ya wanyama, sehemu iliyopigwa imeonekana kuchipua mishipa midogo mipya, na utando wa kisigino ni miongoni mwa sehemu zisizobahatika kupata damu nyingi. La pili ni la neva: mapigo mengi huonekana kuzichosha nyuzi ndogo zinazobeba habari ya maumivu na kupunguza kemikali zinazozichochea. La tatu ni la seli zenyewe: seli zinazofuma nyuzi za kano hufanya kazi zikihisi kuvutwa na kubonyezwa, na pigo la mashine ni mbonyezo unaozihimiza zifume upya.

Yote matatu yanahitaji muda. Ndiyo sababu matokeo ya maana hupimwa baada ya wiki 12, si jioni ya siku ya tiba. Anayeamka kesho yake akiwa na maumivu kidogo zaidi hajaharibiwa, na anayeamka akiwa mwepesi hajapona bado.

Mizani ya ushahidi

Sasa tuje kwenye jambo linalogusa mfuko: inafanya kazi au haifanyi?

Mwaka 2008 Ludger Gerdesmeyer na wenzake walichapisha jaribio kubwa kuhusu mashine ya risasi. Waliwachukua watu 245 ambao kisigino kiliwauma kwa miezi mingi na tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa. Nusu walipigwa kwa mashine ya kweli, mara tatu, mapigo 2,000 kila mara; nusu walipigwa kwa mashine iliyotengenezwa isipitishe pigo, bila kujua. Baada ya wiki 12, asilimia 61 ya waliopata mapigo ya kweli walihesabiwa kuwa wamefanikiwa. Kwa waliopata mapigo bandia ilikuwa asilimia 42.

Zisome tarakimu hizo mara mbili. Mashine ilishinda, na ushindi wake ni wa kweli. Lakini watu wanne kati ya kumi walipata nafuu bila kupigwa chochote cha maana, kwa sababu kisigino mara nyingi hupoa chenyewe, na kwa sababu mtu aliyehudumiwa kwa uangalifu huhisi nafuu. Jirani yako akikuapia kwamba mashine imemponya, huenda anasema kweli, na huenda angepona hata hivyo. Yeye mwenyewe hana njia ya kujua.

Majaribio mengine yametoa majibu tofauti. Mwaka 2002 Rachelle Buchbinder na wenzake wa Melbourne, Australia, waliwajaribu wagonjwa 166 wa kisigino kwa mawimbi ya kukusanywa, wasione tofauti kati ya mashine ya kweli na ya bandia. Mwaka 2009 taasisi ya NICE ya Uingereza ilipima ushahidi wote ikasema tiba hii haina hofu kubwa ya usalama, ila ushahidi wa mafanikio yake unapingana. Na jaribio la Oslo, Norway, lililochapishwa mwaka 2024 likiwa na wagonjwa 200, liligundua kwamba mgonjwa akishapewa ushauri mzuri na soli za ndani zilizotengenezwa kwa mguu wake, kuongezewa mapigo ya mashine ya risasi hakukumpa faida zaidi ya mapigo bandia.

Utafiti unaopaswa kubandikwa ukutani mwa kila chumba cha fizio, hata hivyo, ni wa Jan Rompe na wenzake, wa mwaka 2010. Rompe si mpinzani wa mashine. Ni mmoja wa waliofanya kazi kubwa ya kuitetea kwa vipimo. Safari hii aliwachukua watu 102 ambao maumivu yao ya kisigino yalikuwa machanga, hayajazidi wiki sita. Kundi moja likapigwa mashine mara tatu. Kundi la pili likafundishwa kuunyoosha utando wa unyayo nyumbani kwa mikono yao wenyewe. Baada ya miezi miwili, waliokuwa wameridhika katika kundi la kunyoosha walikuwa asilimia 65. Kundi la mashine, asilimia 29. Mkono wa mtu mwenyewe, usio na bei, uliishinda mashine zaidi ya mara mbili.

Kwa kano ya nyuma ya kisigino, ile inayowasumbua sana wakimbiaji, mambo yanafanana. Rompe aliwalinganisha wagonjwa 75 mwaka 2007: baada ya miezi minne asilimia 60 ya waliofanya mazoezi ya kushusha kisigino polepole kwenye ngazi walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa, asilimia 52 ya waliopigwa mashine, na asilimia 24 tu ya walioambiwa wasubiri. Miaka miwili baadaye akaunganisha mashine na mazoezi: asilimia 82 walifanikiwa, dhidi ya asilimia 56 ya waliofanya mazoezi peke yake. Mashine ikifuatana na mazoezi ina kazi. Ikichukua nafasi ya mazoezi, faida yake ni ya kutiliwa shaka.

Kwa bega, uchambuzi wa mwaka 2020 wa mtandao wa Cochrane, uliokusanya majaribio 32, ulikuta faida chache sana zenye uzito kwa mgonjwa. Kwa kiwiko, matokeo yanavutana. Kwa hiyo tangazo linaloorodhesha kisigino, goti, mgongo, shingo na nguvu za kiume kwenye bango moja linauza matumaini kuliko sayansi.

Kabla hujalipa

Kama kisigino kimekuanza hivi karibuni, anza na lile zoezi la Rompe. Asubuhi, kabla hujakanyaga chini, keti ukingoni mwa kitanda. Pandisha mguu unaouma juu ya goti la mguu wa pili. Shika vidole kwa mkono, uvivute kuelekea kwenye muundi hadi uhisi utando umekaza chini ya unyayo. Ukiugusa kwa mkono mwingine utausikia umesimama kama uzi uliovutwa. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, kwa wiki nane bila kuruka.

Ukitaka kuuimarisha mguu pia, kuna zoezi lililojaribiwa Denmark na Michael Rathleff na wenzake, wakalichapisha: kunja taulo, liweke chini ya vidole ukiwa umesimama kwenye ngazi, kisha inua na kushusha kisigino polepole, siku moja unafanya, siku moja unapumzika. Vaa viatu vyenye soli laini, usitembee peku kwenye saruji, na kama uzito umepanda, upunguze kidogo kidogo.

Miezi ikipita na maumivu hayaondoki licha ya hayo yote, hapo mashine inastahili kufikiriwa. Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa, umwulize bila woga. Umethibitishaje kwamba ni utando wa unyayo, si neva iliyobanwa au ufa wa mfupa? Mashine yako ni ya risasi au ya kukusanya mawimbi? Ilifanyiwa matengenezo lini? Nitapigwa mara ngapi, na nitapewa mazoezi gani ya kwenda nayo nyumbani? Mtaalamu wa kweli atayafurahia maswali haya. Kama una bima, uliza kabla ya kuanza kama inalipia tiba hii.

Wapo pia wasiotakiwa kuguswa na mashine kabla daktari hajaamua: mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au mwenye damu isiyoganda vizuri, mwenye kidonda, maambukizi au uvimbe wa saratani mahali panapopigwa, aliyechomwa sindano ya kotizoni hapo wiki chache zilizopita, na mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo. Mtoto ambaye mifupa yake bado inarefuka hapigwi kwenye ncha za mifupa, na mapigo hayaelekezwi kifuani kwenye mapafu kwa mtu yeyote. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za miguu aseme mapema, maana tiba inaongozwa na maumivu anayoyataja mgonjwa. Kwa wengine madhara ni madogo: wekundu, michubuko midogo chini ya ngozi, na maumivu ya siku moja mbili.

Hukumu ni hii. Mashine ya mapigo si uganga wala si utapeli. Ni chombo chenye historia ya heshima na faida ya wastani, kwa watu wachache waliochaguliwa vizuri. Kisigino cha wiki tatu hakiihitaji. Kisigino cha miezi minane kilichokwisha kunyooshwa, kupumzishwa na kuvalishwa viatu vyema kinaweza kunufaika nayo, mradi mazoezi yasiachwe. Ukikutana na mtu anayetaka ulipie mashine kabla hajakufundisha kunyoosha mguu, mshukuru, chukua viatu vyako, utafute mwingine.